Mwili, Mitindo na Picha: Maswali Ambayo Wanawake wa Nairobi Huuliza Mara kwa Mara

Maswali haya hurudiwa kwenye saluni, katika vikundi vya kina mama, kliniki na kwa mafundi wa nguo. Yameanzia ya msingi na kuishia kwenye hali za kipekee. Kila jibu linajitosheleza, na jambo lililokwisha kuelezwa kwingine limetajwa kwa nambari ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Taswira ya mwili ni nini, na inatofautianaje na sura ya mtu?

Sura ni kile ambacho kioo na watu wengine wanakiona. Taswira ya mwili ni picha ambayo mtu anayo akilini kuhusu mwili wake, pamoja na hisia zinazoandamana na picha hiyo na mambo anayoyafanya au kuyaepuka kwa sababu yake. Viwili hivi vinaweza kuachana kabisa. Mwanamke anaweza kuwa na uzani usiomtia daktari wasiwasi wowote, na bado akakataa kupigwa picha katika arusi ya dada yake. Mwingine mwenye mwili mkubwa zaidi akacheza ngoma usiku kucha bila kufikiria tumbo lake hata mara moja. Ndiyo maana kupunguza kilo peke yake mara nyingi hakumalizi kinyongo ambacho mtu anacho dhidi ya mwili wake.

2. Je, hili si tatizo la Wazungu? Nyanya zetu walisifiwa kwa unene.

Kauli hiyo ina ukweli, ila ni nusu. Katika jamii nyingi za Kenya mwili uliojaa ulihesabiwa, na kwa wengi ungali unahesabiwa, kuwa dalili ya afya na ya nyumba isiyokosa chakula. Mwanamke akikonda huulizwa kama anaugua au kama ndoa ina matatizo. Hata hivyo, sifa ya unene nayo ni kipimo, na msichana mwembamba aliyelelewa akiitwa kijiti anajua jinsi kipimo hicho kinavyolemea.

Isitoshe, mila ya kusifu mwili mkubwa haimkingi mtu dhidi ya picha zinazotoka nje. Mfano unaotajwa sana ni wa visiwa vya Fiji, ambako nako mwili mkubwa ulithaminiwa. Anne Becker, mtafiti na daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani, aliwahoji wasichana wa shule katika eneo la Nadroga mwaka 1995, runinga ilipokuwa imefika majuma machache tu, kisha akahoji kundi jingine la rika hilo mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema kuwa hujitapisha ili kudhibiti uzani. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Makundi yalikuwa madogo, na runinga haikuwa badiliko pekee lililokuwa likiendelea, lakini wasichana wenyewe walieleza kwamba walitamani kufanana na waigizaji waliowaona.

3. Umbo linalotakiwa hasa ni lipi? Mara wembamba, mara nambari nane.

Yanatakiwa yote mawili, na hapo ndipo penye mtego. Jukwaa la mitindo lililorithiwa kutoka Ulaya linapenda mwili mrefu na mwembamba, hasa tangu mwanamitindo Mwingereza Twiggy alipopata umaarufu mwaka 1966. Video za muziki na kurasa za masosholaiti zinataka kiuno chembamba chenye nyonga na makalio makubwa. Katikati ya jiji mwanamke hupita dirisha la duka lenye sanamu ndefu nyembamba, na hatua chache mbele akakuta kibanda cha suruali za jinzi kilichoning'iniza sanamu za nyonga pana. Hakuna mwili unaoweza kuzitii sanamu zote mbili.

Wapo wanaosema kwamba kusifu umbo lililojaa ni ukombozi. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mwaka 2019 waziri wa nchi wa utalii wa Uganda, Godfrey Kiwanda, alizindua shindano la Miss Curvy na kusema kwamba wanawake wenye umbo hilo wanaweza kuwa kivutio cha watalii. Wanawake wengi wa Uganda walilalamika, na walikuwa na haki: kuwekwa katika orodha moja na mbuga za wanyama hakumfanyi mtu kuwa huru na mwili wake.

## Nguo, mitumba na fundi

4. Kwa nini nambari yangu ya nguo hubadilika kutoka lebo moja hadi nyingine?

Kwa sababu nambari hizo hazina mwenyewe. Nguo ya 12 ya Uingereza hukaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya bara, na hata ndani ya nchi moja kila kampuni ina vipimo vyake. Robota la mitumba linapofunguliwa katika soko la Gikomba au la Toi, nchi hizo zote humwagika katika meza moja. Anayevaa 12 na kushindwa kuingia katika 12 nyingine hajanenepa kati ya meza na meza.

Historia ya nambari hizo inafaa kujulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilidhamini upimaji wa takriban wanawake 15,000 ili kupata vipimo vya nguo za viwandani. Vipimo vilivyotumika hatimaye vilikuwa vya wanawake weupe pekee; vya wengine viliwekwa kando. Kutokana na kazi hiyo ukatolewa utaratibu wa vipimo mwaka 1958, ukafutwa mwaka 1983, na tangu hapo kampuni nyingi zimekuwa zikipanua nguo huku zikiandika nambari ndogo ili mteja afurahi. Kwa hiyo lebo inayomliza mtu katika chumba cha kujaribia ina asili katika hesabu ambayo haikumhusisha mwanamke kama yeye, kisha ikachezewa na wauzaji.

5. Suruali ikinitosha nyonga, kiunoni inabaki wazi. Nifanye nini?

Nunua inayotosha pale ulipo mpana zaidi, kisha fundi apunguze kwingine. Kupunguza ni rahisi. Kuongeza mara nyingi hakuwezekani kwa sababu nguo za viwandani huachwa na kitambaa kidogo sana kwenye mshono. Katika masoko mengi ya Nairobi utakuta mafundi wenye cherehani wanaoifanya kazi hiyo ukisubiri. Jua vipimo vyako vya kifua, kiuno na nyonga kwa sentimita, ubebe utepe wa kupimia, na usahau lebo.

Ukiwa na uwezo, shonesha. Fundi wa kitenge hamuulizi mteja yeye ni nambari gani. Anapima mwili, anaandika, anakata kitambaa kuufuata. Mwanamke anayeshonesha nguo zake huwa na kipimo kimoja tu cha kushindana nacho, nacho ni chake. Fundi akianza kutoa maoni kuhusu mwili wakati wa kupima, una haki ya kumwambia apime tu, na Nairobi haina upungufu wa mafundi.

6. Kwa nini wabunifu hutumia wanamitindo wembamba kiasi hicho?

Sababu ya kwanza ni ya kikazi. Kabla vazi halijauzwa, mbunifu hushona sampuli moja, na wanamitindo hutafutwa wanaoingia katika sampuli hiyo. Sampuli ndogo hula kitambaa kidogo na hupita kutoka mwanamitindo mmoja hadi mwingine bila marekebisho. Sababu ya pili ni mazoea, na mazoea hayo yamewahi kuua. Mwaka 2006 wanamitindo wawili wa Amerika Kusini, Luisel Ramos wa Uruguay na Ana Carolina Reston wa Brazili, walifariki dunia, na vifo vyao vikahusishwa na kujinyima chakula. Mwaka huohuo maonyesho ya mitindo ya Madrid yalikataa wanamitindo waliokuwa chini ya 18 kwa BMI, kipimo kinacholinganisha uzani na urefu. Sheria ya Israeli ya kiwango cha 18.5 ilianza kutumika mwaka 2013, na Ufaransa ikaanza kudai cheti cha daktari mwaka 2017. Maana ya BMI imeelezwa katika swali la 12.

## Picha na simu

7. Picha za majarida huhaririwa kwa kiasi gani?

Kwa kiasi ambacho hata mwenye sura hujikuta amebadilishwa bila kuulizwa. Mwezi Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita Nyong'o kwenye jalada huku sehemu ya nywele zake za asili, zilizokuwa zimefungwa nyuma, ikiwa imefutwa na nyingine kulainishwa. Lupita alichapisha picha halisi kando ya ile ya jalada na kulalamika hadharani, na mpiga picha pamoja na jarida wakaomba radhi. Kama hayo yanamfika mshindi wa tuzo ya Oscar, msichana anayepigwa picha ya tangazo la mafuta ya nywele ana sauti ndogo zaidi.

Kazi ya kawaida ni kulainisha ngozi, kung'arisha uso, kupunguza kiuno na kurefusha miguu. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inataka picha ya kibiashara ambayo umbo la mwanamitindo limepunguzwa au kuongezwa iandikwe kuwa imehaririwa, na kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini ya euro 37,500. Norwe ina sharti kama hilo tangu mwaka 2022, na linawahusu pia wanaotangaza bidhaa kwenye mitandao ya kijamii.

8. Mitandao ya kijamii ni mibaya kuliko majarida?

Ni tofauti. Jarida lilikuonyesha mtu maarufu mara moja kwa mwezi; simu inakuonyesha mliyesoma naye, jirani wa mtaa wa Umoja, na binti wa shemeji, wote wakiwa wamepitia kichujio cha kurembesha picha, siku nzima. Kujilinganisha na mtu wa rika lako kunauma zaidi kwa sababu unadhani mlianza mahali pamoja. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, zilizofichuliwa na aliyekuwa mfanyakazi wake Frances Haugen, zilionyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana wa umri wa ujana walisema kuwa walipojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwazidishia.

Programu haijui kwamba video fulani imekuumiza. Inajua tu kwamba uliitazama hadi mwisho, nayo inakuletea nyingine kama hiyo. Kwa hiyo acha kufuata kurasa zinazokuacha ukijichukia, na ubonyeze kwamba hupendezwi nazo. Jambo jingine dogo: kamera ya simu iliyoshikwa karibu na uso hukuza pua. Wengi wanaolalamikia pua zao wanalalamikia umbali wa mkono.

9. Nikijua kwamba picha imehaririwa, si inatosha?

Kwa bahati mbaya hapana. Majaribio kadhaa ya kuweka maandishi ya onyo kwenye picha hayakupunguza sana hisia mbaya za watazamaji, kwa kuwa jicho hulinganisha kabla akili haijasahihisha. Ujuzi huo una faida ya kukuzuia kununua unachouziwa. Kwa hisia zenyewe, kupunguza idadi ya picha hizo kunasaidia zaidi.

10. Wanamitindo wa Kiafrika wamefanikiwa duniani. Hilo halijabadilisha mambo?

Limebadilisha, na Nairobi ina sehemu yake. Iman, Msomali aliyezaliwa Mogadishu, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1975 mpiga picha wa Marekani Peter Beard alipomwona jijini. Alipopelekwa New York, Beard aliviambia vyombo vya habari kwamba amemgundua nyikani akiishi maisha ya wachungaji. Ukweli ni kwamba alikuwa binti wa mwanadiplomasia na alizungumza lugha kadhaa. Mwili wake ulikubalika upesi. Maisha yake halisi ndiyo hayakuuzika.

Baadaye, baada ya miaka ya kukaa mbele ya wapambaji wasiokuwa na rangi inayolingana na ngozi yake, alianzisha kampuni yake ya vipodozi mwaka 1994. Lupita naye alisimulia mwaka 2014 kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu amwamshe akiwa mweupe zaidi, na kwamba kumwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi sana mwenye asili ya Sudan Kusini, kulimfungulia mlango. Kuonekana kwa watu hawa kuna thamani kubwa. Lakini wote watatu ni wembamba, na mwanamke wa Kayole mwenye kilo 85 bado anangoja picha yake.

## Ngozi

11. Krimu za kung'arisha ngozi zina hatari gani? Zinauzwa wazi kabisa.

Kuuzwa wazi si kibali. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, na shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, limekuwa likitoa orodha za krimu zilizokatazwa. Bado zinaingia kimagendo na kuuzwa katika vibanda vya jijini. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuleta madoa ya rangi ya buluu iliyokoza, hasa mashavuni, ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Steroidi kali, dawa ambazo hutiwa katika baadhi ya krimu hizi, huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikachanika na kuchelewa kupona.

Mkorogo unaochanganywa dukani na kutiwa kwenye kopo lisilo na orodha ya viambato ni wa kukataliwa bila mjadala. Aliyekwisha kutumia steroidi kwa muda mrefu asiziache ghafla bila ushauri, kwa sababu ngozi inaweza kuwaka na kuvimba. Amwone daktari wa ngozi, na abebe kopo lenyewe.

## Vipimo, kukonda na upasuaji

12. BMI inasema mimi ni mnene. Niiamini?

Ipe nafasi yake, isizidi hapo. BMI ni uzani wa kilo uliogawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo: mwenye kilo 68 na urefu wa mita 1.60 ana 26.6. Chini ya 18.5 huitwa uzani pungufu, kuanzia 25 uzani uliozidi, na kuanzia 30 unene wa kupindukia. Hesabu hiyo ilibuniwa na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, katika karne ya 19, ili kueleza makundi ya watu. Haikukusudiwa kumhukumu mtu mmoja, na haitofautishi mafuta na misuli.

Hata hivyo, kuikosoa BMI kusiwe kisingizio cha kukwepa kliniki. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzani uliozidi, na kisukari na shinikizo la damu huandamana na hali hiyo. Mzunguko wa kiuno unaozidi sentimita 88 ni dalili nzito kuliko nambari ya lebo. Pima shinikizo na sukari. Mtu anaweza kuupenda mwili wake na bado akaupima.

13. Chai za kukondesha, mikanda ya kiuno na sindano zinafanya kazi?

Chai nyingi za aina hiyo zina sena, mmea ambao huharisha. Kilichopungua ni maji na kinyesi. Mkanda hubana ukiwa umevaliwa na hauyeyushi mafuta. Sindano za semaglutaidi ni dawa halisi: zilianza kama tiba ya kisukari, na Marekani ikaidhinisha aina ya kupunguza uzani mwaka 2021. Zinahitaji daktari na ufuatiliaji, na zinazouzwa kwa ujumbe wa simu bila cheti cha daktari huenda zikawa ghushi.

Wanaojinyima kupita kiasi hujilaumu uzani unaporudi. Wangesoma jaribio la njaa la Minnesota, Marekani, la mwaka 1944 na 1945, ambapo wanaume 36 wenye afya njema walipunguziwa chakula kwa miezi 6: waliota chakula, walikusanya vitabu vya mapishi, wakawa wakali na wenye huzuni, na waliporuhusiwa kula wengine walishindwa kushiba. Mwili wenye njaa ndivyo unavyofanya, hata ukiwa wa mwanamume asiyejali kioo.

14. Nataka upasuaji wa kuhamisha mafuta kwenda makalioni. Nijue nini?

Ujue kwamba ni miongoni mwa upasuaji wa urembo wenye hatari kubwa zaidi. Mafuta yakiingizwa ndani ya misuli ya makalio yanaweza kupenya kwenye mishipa mikubwa ya damu na kufika mapafuni, na mgonjwa akafa papo hapo. Jopo la wapasuaji lililotoa taarifa mwaka 2017 lilikadiria kifo kimoja kwa kila wagonjwa 3,000, na mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kikawashauri wanachama wake kuusimamisha. Hapa Nairobi, kifo cha mwanamke mmoja mwaka 2024 baada ya upasuaji wa kuondoa mafuta kiliamsha mjadala mkubwa kuhusu kliniki za urembo.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha kwamba daktari amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, kama mtaalamu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na kwamba kituo chenyewe kina leseni ya upasuaji. Uliza nani atatoa dawa ya usingizi, na mgonjwa akizidiwa atapelekwa hospitali gani. Anayekupa bei ya ofa inayokwisha Ijumaa, achana naye.

15. Nitajuaje kwamba wasiwasi huu umekuwa ugonjwa?

Dalili za kutilia maanani ni kuruka milo kwa siri, kujitapisha au kutumia dawa za kuharisha baada ya kula, kula kwa pupa hadi kuumia kisha kuona aibu, hedhi kukatika, kuzirai, na fikra za chakula au mwili kutawala siku nzima. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa ulaji akiwa na mwili wa kawaida au mkubwa, na kwa sababu hiyo hugunduliwa kwa kuchelewa. Kujitapisha mara kwa mara hushusha potasiamu na kunaweza kusimamisha moyo. Hilo halingojei miadi. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili. Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa 1199, na simu ya watoto ni 116.

## Nyumbani, kazini na mtaani

16. Kila nikienda ushago shangazi hunisalimu kwa "umenenepa sana". Nijibu nini bila kumkosea heshima?

Kwanza tambua kwamba huenda anakusifu. Tazama swali la 2. Ikiwa inakuumiza, jibu kwa upole na ubadilishe mazungumzo: "Shangazi, niko salama, nashukuru Mungu. Hebu nieleze habari za mguu wako." Akirudia, mvute kando na umwambie wazi, asiwepo mtu mwingine. Kumjibu mbele ya wageni kutaanzisha kesi ambayo haitakwisha Krismasi hiyo.

17. Binti yangu wa miaka 12 ameanza kuficha mwili wake. Nimwambie nini?

Kabla ya kumwambia, sikiliza anachosikia nyumbani. Mama anayejiita "mbaya" mbele ya kioo kila asubuhi anafundisha, na kaka wanaomtania dada yao kwa umbo hufundisha pia. Mweleze mapema kwamba katika umri wa kubalehe kuongezeka uzani na nyonga ni kawaida. Tazameni picha za mitandao pamoja na mzungumze zilivyotengenezwa (swali la 7). Usimwekee vizuizi vya chakula bila daktari, na usimpe zawadi kwa kupungua. Ukiona dalili za swali la 15, usingoje muhula uishe.

18. Mwajiri anaweza kuninyima kazi kwa sababu ya mwili au mavazi?

Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi, na orodha yake inataja waziwazi jinsia, ujauzito, hali ya afya, rangi, ulemavu na hata mavazi. Uzani haukutajwa kwa jina, lakini orodha hiyo haikufungwa. Mwajiri anaweza kudai sare. Kudai "msichana mrembo mwembamba" kwa kazi ya mapokezi ni jambo jingine. Hifadhi tangazo na jumbe, uonane na wakili au ofisi ya kazi.

19. Na mtaani, watu wakinishambulia kwa sababu ya nilivyovaa?

Ni jinai. Mnamo Novemba 2014, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo na kundi la wanaume katika kituo cha matatu katikati ya Nairobi, mamia ya wanawake waliandamana kutoka Uhuru Park wakisema kwamba vazi ni hiari ya mvaaji. Mwishoni mwa mwaka huo kifungu cha 251A kiliongezwa kwenye Kanuni ya Adhabu, na anayemvua mtu nguo kwa nguvu anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Piga ripoti polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na ukiwa umeumizwa, nenda hospitali kabla ya kuoga.

20. Mimi huvaa buibui. Je, maswali haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa kiasi. Wapo wanawake wanaosema kwamba kujisitiri kumewapunguzia macho ya watu na kuwapa utulivu, na hakuna sababu ya kuwabishia. Lakini uso, rangi ya ngozi na mikono hubaki kuonekana, maduka ya Eastleigh huuza mabuibui kwa mitindo na mashindano yake, na sherehe za wanawake peke yao zina ukaguzi mkali pengine kuliko barabara. Simu nayo huingia chumbani na mtu, vyovyote alivyovaa. Kuhusu krimu za kabla ya arusi, ambazo ndizo huulizwa zaidi na mabibi arusi, jibu ni lile la swali la 11, bila nafuu kwa sababu ya harusi.